Ghorofa mpya mtaani Arusha: pingamizi linaloshika na lile linaloishia kwenye faili

KijengeJuu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huku Njiro, Kijenge, Sekei na Sakina, wenye viwanja vikubwa wanabomoa nyumba za chini na kupandisha ghorofa za kupangisha. Tangazo la kusudio la kubadilisha matumizi ya ardhi likishachomekwa getini, mtaa unawaka. Inaandikwa barua ya ukurasa mmoja wa hasira, watu wanasaini, halmashauri inagonga muhuri wa kupokea, basi. Miezi miwili baadaye nondo zinashushwa.

Tatizo liko kwenye hoja. Barua nyingi zinasema "wataletwa watu tusiowajua", "bei za nyumba zetu zitashuka", "hatutauona tena Mlima Meru". Hakuna afisa mipangomiji anayeweza kumnyima mtu kibali kwa sababu hizo. Hati yako haikupi haki ya kuuona mlima, wala haikupi haki ya kumchagulia jirani mpangaji. Kinachoweza kusimamisha mradi au kuubadilisha ni majitaka, maji ya mvua, maegesho, njia ya gari la zimamoto, usalama wa msingi wa jirani, na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati na kwenye mchoro wa mipango miji.

Tuchukue mfano mmoja ili wote tuhesabu kitu kimoja. Kiwanja cha mita za mraba 1,200, jengo linalokaa kwenye mita 500, sakafu nne zenye nyumba sita kila moja. Jumla nyumba 24. Kwa wastani wa watu wanne kila nyumba, ni watu 96 mahali palipokuwa na familia moja.

Hatua ya kwanza ni tarehe. Mwombaji wa kubadilisha matumizi anatakiwa kutoa tangazo gazetini na kuweka bango kwenye kiwanja, na muda wa pingamizi kwa kawaida ni siku 30. Piga picha bango siku unapoliona, tarehe isomeke. Andika namba ya kiwanja, kitalu, na matumizi yanayoombwa neno kwa neno. Barua inayofika siku ya 31 inasomwa kwa hisani tu.

Wenye utaalamu mwageni vitu.

---

Fundi_Mabomba

Mkuu, anza na majitaka, kwa sababu hapo ndipo miradi mingi ya namna hii inapokwama ikihesabiwa kwa haki.

Watu 96, lita 100 kila mmoja kwa siku, ni lita 9,600. Asilimia 80 inarudi kama majitaka, sawa na lita 7,680, yaani karibu mita za ujazo 7.7 kila siku. Karo la kushikilia majitaka siku mbili linataka mita za ujazo 15.4. Ongeza nafasi ya tope, lita 40 kwa mtu kwa mwaka, ukikusudia kunyonya kila baada ya miaka miwili: mita 7.7 nyingine. Karo ni mita za ujazo 23. Hilo linajengeka, wala si la kutisha.

Kasheshe ni maji yanayotoka kwenye karo yaende wapi. Udongo wa tifutifu wenye mfinyanzi kiasi unafyonza kama lita 20 kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa shimo kwa siku. Lita 7,680 za majitaka gawanya kwa 20: unahitaji mita za mraba 384 za ukuta. Shimo la kufyonzea lenye kipenyo cha mita 2.5 na kina cha mita 3 lina ukuta wa mita za mraba 23.6. Ni mashimo 16 na kidogo. Hata udongo ukiwa mzuri mara mbili, ni kama mashimo 8, na hayatakiwi kubanana, hayatakiwi kuwa chini ya magurudumu ya magari, hayatakiwi kugusa msingi wa jengo wala wa jirani. Kwenye kiwanja cha mita 1,200 hayaingii.

Sasa angalia mchoro. Mara nyingi utakuta duara moja limeandikwa "shimo la kufyonzea" kwenye kona, karibu na ukuta wa jirani. Hilo duara ndilo pingamizi lenu. Andikeni hesabu hii, ukurasa mmoja, mwambatishe.

Likijaa, hali ni hii: gari la kunyonya la lita 8,000 litatakiwa karibu kila siku. Mwenye jengo hatalipa hilo. Atachimba bomba la siri kwenda kwenye mtaro wa mvua, na usiku wa mvua atafungulia. Mito ya Themi, Naura na Kijenge imeshapokea ya kutosha.

Dawa ni mbili tu. Moja, aunganishwe na mtandao wa majitaka wa AUWSA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira Arusha, na barua ya mamlaka ionyeshe kwamba bomba la mtaa huo linabeba ongezeko hilo. Mradi mkubwa wa maji Arusha uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulipanua mtandao na kujenga mabwawa mapya ya kutibu majitaka, kwa hiyo ulizeni kama mtaa wenu umefikiwa kabla ya kudhani haiwezekani. Mbili, apunguze nyumba hadi idadi ambayo udongo unaimudu.

---

MpangajiDaima

Nisome na mimi upande wa pili. Sensa ya 2012 ililihesabu Jiji la Arusha kuwa na watu 416,442. Ya 2022 ikatoa 617,631. Ni ongezeko la watu zaidi ya laki mbili katika miaka kumi. Hawa wanalala wapi? Muriet, Olasiti, Moshono, na kubanana Unga Limited na Daraja Mbili kwenye chumba kimoja choo cha watu kumi. Muuguzi na mwalimu wanapanda daladala mbili kufika kazini kwa sababu karibu na kazi kuna nyumba za chini zenye bustani tu.

Mtaa unaopinga kila ghorofa haubaki kama ulivyo. Wenye viwanja wanaongeza vyumba vya uani kimyakimya, bila mchoro, bila mhandisi, choo kimoja kinaongezewa mzigo mara nne. Hayo hayana bango getini wala siku 30 za pingamizi. Ghorofa yenye kibali unaweza kuikagua. Vyumba 12 vya uani huvioni mpaka karo lifumuke.

Tena jambo moja mnalisahau: mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Mpangaji ni mkazi. Mkiitisha kikao cha "wenye nyumba" pekee halafu mkaandika "wananchi wa mtaa wamekataa", muhtasari huo una kasoro na wakili wa mwekezaji ataupangua.

---

KijengeJuu

@MpangajiDaima umesema kweli, na ndiyo maana naomba tuzungumzie masharti kuliko kukataa. Kikao kihalalishwe: tangazo la kikao libandikwe, mahudhurio yaandikwe kwa majina na sahihi, muhtasari usainiwe na mwenyekiti na afisa mtendaji wa mtaa, wapangaji wawemo. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kutoa wala kuzuia kibali cha ujenzi. Kazi yake ni kuufikisha muhtasari ule kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, uingie Kamati ya Maendeleo ya Kata, na nakala iende kwa mkurugenzi wa jiji, idara ya mipango miji. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, barua haikuwahi kuwepo.

---

Mtaro_na_Kalvati

Nije na maji ya mvua, maana mji huu umejengwa kwenye mteremko wa Meru na kila kinachomwagwa juu kinafika chini.

Kiwanja cha mita 1,200 chenye nyumba ndogo na majani kinamwaga nje kama asilimia 30 ya mvua. Ukijaza jengo na vitofali vya sakafu ya nje, kinamwaga asilimia 90. Mvua ya masika ya milimita 50 ndani ya saa moja ni mita za ujazo 60 juu ya kiwanja hicho. Zamani zilitoka 18. Sasa zinatoka 54. Tofauti ni lita 36,000 ndani ya saa moja, na zinapita getini kwa jirani wa chini.

Sharti la kudai: tenki la kuzuilia maji ya paa, si chini ya mita za ujazo 25, lenye tundu dogo la kutolea ili maji yatoke taratibu ndani ya saa nyingi. Paa la mita 500 peke yake linatoa mita 25 kwenye mvua hiyo. Sehemu ya maji hayo yatumike kumwagilia na kusukumia vyoo. Kwenye maegesho, vitofali vyenye matundu vilivyolazwa juu ya kokoto, visiwekwe juu ya zege. Na mtaro wa barabara upimwe upana na kina mpaka unapoishia. Mtaro wa sentimita 40 unaoingia kwenye kalvati la sentimita 30 ni mafuriko yanayosubiri Aprili.

Kama kiwanja kipo kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Pimeni kwa futi kamba kutoka ukingoni, msikadirie kwa macho. Hoja hiyo peke yake inatosha kuizuia sehemu ya jengo iliyomo ndani ya mita hizo.

---

Kona_ya_Sheria

Nitaje njia za kisheria kwa ufupi, kwa sababu wengi wanakimbilia mahakamani kwa mlango usio wao.

Ukigombana na jirani mwekezaji kuhusu mpaka, njia au uharibifu, unaanza Baraza la Ardhi la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na lina siku 30. Usuluhishi ukishindikana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ukitaka kuishtaki halmashauri kwa kibali ilichotoa, mambo yanabadilika. Tangu 2020 unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Ndani ya siku 90 jengo linafika sakafu ya pili. Ndiyo maana mawakili huomba zuio la muda, lile linaloitwa la Mareva, kabla notisi haijaisha. Linataka ushahidi wa madhara yasiyofidika kwa fedha. "Tutakosa upepo" halitoshi. Nyumba yenye nyufa zinazopanuka inatosha.

Kwa hiyo nguvu yenu kubwa iko kwenye zile siku 30 za mwanzo, na kwenye hatua ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mradi unaohitaji cheti cha mazingira unapitia NEMC, baraza la taifa la mazingira; ofisi ya Kanda ya Kaskazini ipo hapa hapa Arusha. Mshauri wa mazingira lazima akusanye maoni ya wadau, na karatasi ya majina na sahihi inaingia kwenye ripoti. Akija, msisaini karatasi tupu ya mahudhurio. Andikeni maoni yenu kwenye karatasi ileile, juu ya sahihi.

---

Shanti_Moshi

Moshi tunayo haya haya, hasa Shanty Town na Rau. Viwanja vya zamani vya Shanty Town ni vikubwa, miti mirefu, barabara nyembamba. Kinachofanyika ni kiwanja kimoja kugawanywa mara tatu au nne, halafu kila kipande kinapata jengo lake. Ukiangalia kila ombi peke yake, linaonekana dogo. Ukiyajumlisha, mtaa umeongezeka mara tano na bomba la maji ni lile lile.

Kwa hiyo pingamizi lenu lihesabu mtaa mzima. Chukueni ramani ya mtaa, pakeni rangi kila kiwanja chenye ombi au ujenzi, jumlisheni nyumba. Halafu iulizeni mamlaka ya maji kwa barua: bomba kuu la mtaa ni inchi ngapi, na limepangiwa kaya ngapi. Sisi ni MUWSA, ninyi AUWSA.

Angalizo la kisima. Mwekezaji akisema "nitachimba kisima changu, sitagusa maji yenu", muulizeni kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Maji ya ardhini yana mwenye kuyasimamia, na kisima cha nyumba 24 kinaweza kushusha kina cha visima vya majirani. Kwa Arusha kuna na suala la floridi: maji mengi ya ardhini huko yanavuka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Wapangaji wenye watoto wadogo waone majibu ya maabara kabla ya kunywa, maana meno ya mtoto yakishapata madoa ya kahawia hayarudi. Pia kisima na mashimo ya majitaka kwenye kiwanja kimoja haviendani. Wahandisi huacha angalau mita 30 kati yake.

---

Nguzo_na_Bimu

Naona hakuna aliyegusa uchimbaji, na ndio unaovunja nyumba za watu.

Maegesho ya nyumba 24, kila gari na nafasi yake ya kugeukia, ni kama mita za mraba 25 kwa gari. Jumla 600. Kiwanja kina 700 zilizobaki nje ya jengo, na bado hamjaweka karo, tenki, jenereta na nafasi ya kuachia mipaka. Hapo mwekezaji ana njia mbili: magari yalale barabarani, au achimbe maegesho chini ya jengo. Akichimba mita 3 au 4 kando ya ukuta wako, msingi wako uko hatarini.

Kanuni ya haraka ya kuangalia: kutoka chini ya msingi wako vuta mstari wa nyuzi 45 kushuka kuelekea kwake. Shimo lake likikata mstari huo, udongo unaoshikilia nyumba yako umeguswa. Lazima awe na mchoro wa mhandisi wa kukinga kingo, achimbe vipande vipande, na kila kipande kijengwe ukuta wa kuzuia kabla ya kufungua kingine. Katapila linalofungua upande mzima kwa siku moja, tena Machi, ni sababu ya kupiga simu halmashauri siku hiyo hiyo.

Kabla ya uchimbaji fanyeni hivi. Pigeni picha kila ukuta, ndani na nje, dirisha na pembe, pamoja na uzio. Ufa uliopo wekeeni rula pembeni ndipo mpige picha. Juu ya ufa pakeni utepe wa jasi wenye unene wa kama milimita 5, andikeni tarehe kwa kalamu ya wino. Utepe ukikatika, ufa unatembea. Mwekezaji au mkandarasi asaini nakala ya picha hizo. Akikataa kusaini, mtendaji wa mtaa ashuhudie.

Na bango la mradi lisomeke: jina la mkandarasi, msanifu, mhandisi, namba zao za usajili. Zihakikini kwenye bodi zao: CRB ya makandarasi, AQRB ya wasanifu na ERB ya wahandisi. Jengo lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu wengi na kuwafukia wengine siku kadhaa. Tukidai kuona majina hayo tunawalinda na mafundi walioko juu ya jukwaa, na wapangaji watakaolala humo.

---

SekeiMashariki

Swali kuhusu kivuli na faragha. Jengo la mita 15 upande wa mashariki wa nyumba si litaua jua lote?

---

Nguzo_na_Bimu

@SekeiMashariki tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana kivuli ni kifupi. Adhuhuri ya Juni jua linaegemea kaskazini, na jengo la mita 15 linatupa kivuli cha mita 7 hadi 8 upande wa kusini. Desemba ni kama mita 5 na nusu upande wa kaskazini. Hoja ya "tutaishi gizani" haisimami.

Ila wewe umesema mashariki, na hapo una hoja. Saa 3 asubuhi, Machi au Septemba, kivuli hicho kinafika kama mita 20 upande wa magharibi, na mapema zaidi ni kirefu kuliko hapo. Kwa baridi ya Arusha ya Juni na Julai, jua la asubuhi ndilo linalokausha nguo na kupasha tenki la maji la jua. Omba jengo lirudishwe nyuma kwenye sakafu za juu upande wako, usiombe lifutwe.

Faragha inatibika kwa bei rahisi. Madirisha ya vyoo na korido yawe upande wako, kizingiti kiwe mita 1.6 kutoka sakafuni, kioo kisichoonyesha, roshani zielekee barabarani. Mambo hayo msanifu anayabadilisha ndani ya wiki moja, kibali kikiwa bado hakijatoka. Baada ya zege kumwagwa hayabadiliki.

---

MpangajiDaima

Hapo sasa tunaongea lugha moja. Ongezeni na sharti la matumizi: AFCON ya 2027 inakuja na uwanja mpya uko Olmoti, kwa hiyo wengi wanaojenga "makazi" wanafikiria wageni wa siku mbili mbili. Kama kibali ni cha makazi, iandikwe hivyo. Nyumba za wageni ni matumizi mengine, na hazimsaidii mwalimu anayetafuta chumba.

---

KijengeJuu

Nimekusanya masharti ya kuingiza kwenye barua, mengine ongezeni:

Barua ya AUWSA ya kuunganishwa majitaka, au majibu ya kipimo cha udongo. @Fundi_Mabomba tuelezee kipimo hicho.
Tenki la kuzuilia maji ya mvua lionekane kwenye mchoro.
Maegesho ndani ya kiwanja, na njia ya mita 4 isiyozibwa kwa gari la zimamoto.
Kazi saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumapili kimya. Malori yapite barabara moja iliyokubaliwa, vumbi limwagiliwe, barabara ya mtaa irudishwe ilivyokuwa.
Picha za nyumba za majirani kusainiwa kabla ya kuchimba.

Makubaliano yaandikwe, yasainiwe mbele ya wakili, na muiombe halmashauri iyaingize kama masharti ya kibali chenyewe. Makubaliano ya mdomo na mwekezaji yanaisha siku akiuza kiwanja.

---

Fundi_Mabomba

Kipimo cha udongo: chimba hadi kina ambacho shimo la kufyonzea litafanyia kazi. Chini pale fungua kishimo cha sentimita 30 kwa 30. Kwaruza kingo, maana koleo linaziba matundu ya udongo kama lipu. Jaza maji, acha usiku kucha udongo ushibe. Asubuhi ongeza maji hadi sentimita 15 kutoka chini, weka rula, soma kila nusu saa mpaka usomaji uwe ule ule mara tatu. Fanya mashimo matatu, pembe tofauti za kiwanja.

Msikubali kipimo cha Januari au Septemba peke yake. Udongo mweusi wa mbuga unapasuka kiangazi na kumeza maji kwa kasi ya uongo, masika unavimba na kujifunga kabisa. Dai kipimo cha Aprili, na jirani mmoja awepo wakati rula inasomwa.